Utatuzi wa Matatizo ya Kipokezi cha Setilaiti Kilichofungwa Juu ya Gari ya Upimaji, Unguja na Pemba

Maelezo haya yameandikwa kwa mpima ardhi anayefunga antena juu ya paa la gari, akaweka kipokezi ndani, akasimamisha besi, yaani kipokezi cha pili kisichohama, juu ya bikoni, alama ya ardhini ambayo koordinati zake (namba za mahali ilipo) zinajulikana, kisha akaendesha kupima mstari wa barabara, ukingo wa mtaro au uso wa ardhi huku marekebisho, yaani masahihisho ya nafasi yanayotumwa kutoka besi, yakimfikia kwa redio au kwa mtandao wa simu. Nimeyapanga kwa kufuata dalili anayoiona mpimaji kwenye kioo na si kwa kufuata sehemu za kifaa. Naanza na matatizo yanayojionesha yenyewe na kuishia na yale ambayo kifaa hakiyatangazi kabisa. Haya ya mwisho nimeyapa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo yanayoingia kwenye ramani na kukaa humo miaka mingi kabla ya mtu kuyagundua.

Kabla ya yote, mpimaji ahakikishe ana njia ya kulijaribu gari lake mahali anapopajua. Weka ubao ulionyooka juu ya paa kutoka katikati ya antena hadi nje ya ubavu wa gari, teremsha timazi hadi chini, piga msumari pale ncha ya timazi inapogusa, kisha pima msumari huo kwa rova ya fimbo, yaani kipokezi cha kubeba kwa mkono, iliyokwishahakikiwa juu ya bikoni. Ukiongeza urefu na mwelekeo wa ubao, utajua antena ilipo bila kukitegemea kipokezi cha gari. Kazi hii huchukua kama nusu saa, na karibu kila uchunguzi unaofuata hapa chini utarudi kwenye msumari huo.

Kipokezi kinazima au kinajiwasha upya

Kama kinazima pale gari inapopigwa starta, sababu karibu kila mara ni umeme. Starta huvuta mkondo mkubwa na volti za betri ya gari hushuka chini ya kiwango ambacho kipokezi kinakihitaji. Kama kinazima gari ikiwa kwenye mashimo, angalia plagi iliyochomekwa kwenye tundu la sigara, kwani tundu hilo halikutengenezwa kwa barabara za uwandani zenye mawe ya matumbawe, na plagi hulegea bila mtu kuona. Dawa ya yote mawili ni kuvuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri ukiwa na fyuzi yake karibu na betri, au, kilicho bora zaidi, kukipa kipokezi betri yake ndogo isiyohusiana na gari. Angalia pia ethi. Gari iliyokaa miaka kadhaa karibu na bahari huwa na kutu pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi, na kutu hiyo hupitisha umeme leo na kukataa kesho.

Kipokezi kinawaka lakini setilaiti ni chache au mawimbi yake ni dhaifu

Mahali palipo wazi, kipokezi kinachosoma mifumo yote minne, yaani GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, kinapaswa kuona setilaiti zaidi ya 20 kwa wakati mmoja. Kikiona 8 au 9 huku gari imesimama katikati ya uwanja wa mpira, usiilaumu anga. Fungua ukurasa unaoonesha nguvu ya mawimbi ya kila setilaiti na uusome kwa utulivu, maana ukurasa huo ndio unaokuambia tatizo liko wapi. Setilaiti iliyo juu angani kwa kawaida huonesha zaidi ya desibeli-hezi 40.

Kama setilaiti zote, za juu na za chini, zimeshuka kwa kiasi kinacholingana, tatizo liko kwenye waya wa antena au viungio vyake. Waya huo hufanya kazi mbili, kwani huleta mawimbi chini na pia hupeleka umeme mdogo, kwa kawaida kati ya volti 3 na 5, kwenda kwenye kikuza mawimbi kilichomo ndani ya antena. Fungua kiungio cha upande wa antena huku kipokezi kikiwa kimewashwa, na pima kwa mita kati ya pini ya katikati na ganda la nje. Pasipokuwa na volti, waya umekatika au umegusana ndani. Volti zikiwepo, tazama rangi ya shaba. Ukungu wa kijani au wa buluu maana yake chumvi imeshaingia, na katika visiwa vyetu chumvi haingoji gari ifike ufukweni, kwani upepo wa kaskazi na wa kusi huileta hadi ndani ya makonde. Safisha kwa spiriti, kausha, funga, kisha zungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe kuanzia chini kwenda juu ili maji yasipate mdomo wa kuingilia. Kama waya unapita kwenye ukingo wa mlango, ubadilishe na njia yake pia uibadilishe. Mlango unaoufinya waya mara 50 kwa siku huuharibu ndani wakati nje unaonekana mzima.

Kama setilaiti za upande mmoja tu ndizo dhaifu, au zile za chini tu, kuna kitu kinaziba. Nimeona ngazi ya alumini, tairi la akiba na hata madebe ya maji yaliyofungwa kwenye keria sentimita chache kutoka kwenye antena, na kila mmoja kwenye gari alishangaa kwa nini upande wa mashariki hauna setilaiti. Antena iwe ndiyo kitu kirefu kuliko vyote juu ya paa. Bati la paa lenyewe halina ubaya likiwa chini ya antena na limelala sawasawa, lakini vitu vilivyosimama pembeni yake hurudisha mawimbi na kukidanganya kipokezi.

Kama mawimbi ni mazuri injini ikiwa imezimwa na yanashuka ikiwaka, au yanashuka ghafla usiku, tafuta kelele za umeme. Mawimbi ya setilaiti yanafika ardhini yakiwa hafifu mno, na masafa yake makuu, megahezi 1575.42 na 1227.60, huweza kuchafuliwa na kifaa kidogo cha bei rahisi kilichomo ndani ya gari. Wahalifu wa kawaida ni taa za LED za ziada, chaja za simu na kamera za dashibodi. Zima kila kitu, andika nguvu ya mawimbi ya setilaiti tano zilizo juu, kisha washa kifaa kimoja kimoja huku ukisubiri dakika moja kati ya kimoja na kingine. Usiviwashe viwili pamoja kwa haraka, kwani utamaliza bila kujua ni kipi.

Kipokezi kinabaki floti na hakifiki fiksi

Kwa asiyezoea maneno haya ya kazini, fiksi ni hali ambayo kipokezi kimepata hesabu kamili ya mizunguko ya mawimbi kati yake na setilaiti, na usahihi wake wa mlalo huwa takribani sentimita 1 pamoja na milimita 1 kwa kila kilomita ya umbali kutoka besi. Floti ni hali ambayo hesabu hiyo bado haijakamilika, na kosa linaweza kuwa desimita kadhaa au nusu mita.

Simamisha gari mahali palipo wazi kabisa na usubiri. Fiksi ikirudi ndani ya dakika moja au mbili, tatizo ni miti au majengo ya ulikotoka. Isiporudi, tatizo ni marekebisho, umbali au ionosfea. Jaribio hili dogo hugawanya uchunguzi katika nusu mbili, na asiyelifanya hupoteza asubuhi nzima akibadilisha mipangilio isiyo na kosa.

Tuanze na marekebisho. Tazama umri wake kwenye kioo. Ukiwa sekunde 1 au 2, yanafika vizuri, na ukiwa unapanda hadi 10, 20, 30 kisha kurudi, yanakatika njiani. Kwa anayetumia redio, Pemba ni kisiwa kigumu kuliko Unguja, kwa sababu ardhi yake ni vilima na mabonde yasiyoisha, na redio za masafa ya megahezi 400 hadi 470 husafiri kwa kuonana. Besi iliyosimamishwa kwenye bonde la mpunga haitaisikilizisha gari iliyo nyuma ya kilima cha pili, hata redio ingekuwa na nguvu kiasi gani. Ipandishe besi kilimani, inyanyue antena ya redio kwa mlingoti, na hakikisha kasi ya mawasiliano, masafa na aina ya ujumbe ni zilezile pande zote mbili. Leseni ya masafa hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa Muungano mzima, na masafa ya kubahatisha humletea mpimaji mwingiliano na watu wengine wenye redio, mbali na kuvunja sheria. Sheha wa mahali apewe taarifa kabla ya kuacha kifaa kilimani, na mtu wa kukilinda awepo. Besi iliyosogezwa na watoto au mbuzi ni tatizo lisiloonekana kwenye kioo cha gari.

Anayetumia mtandao wa simu aanze na lililo rahisi, yaani bando. Laini iliyokwishiwa bando huendelea kuonesha mnara na kiasi cha mawimbi, na kipokezi husema kimeunganishwa ilhali hakipati hata baiti moja. Kisha athibitishe anwani ya seva, mlango wake, ambao mara nyingi ni 2101, jina la mkondo wa marekebisho na neno la siri, akikumbuka kwamba herufi kubwa na ndogo hazilingani. Mikondo mingine huitaka gari itume kwanza nafasi yake, na ikikosa kutumwa, muunganisho hufunguka lakini hakuna kinachoteremka.

Miti ni suala la pili. Barabara za Pemba zinazopita chini ya mikarafuu na miembe mikubwa, pamoja na maeneo ya msitu wa Ngezi, huikata fiksi kila baada ya mita chache. Majani yaliyolowa mvua za masika hupunguza mawimbi zaidi ya majani makavu, hivyo kipande kilichopimika Februari kinaweza kukataa Aprili. Kushusha kikomo cha pembe ya chini, yaani pembe ambayo setilaiti zilizo chini yake hazitumiki, kutoka nyuzi 15 hadi 10 husaidia wakati mwingine, lakini kushuka zaidi huingiza mawimbi yaliyogonga majani na kuta. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, au kando ya majumba ya Michenzani, shauri langu ni kuacha kung'ang'ania. Gari si chombo cha mahali hapo. Weka alama mbili palipo wazi na umalizie ndani kwa totali stesheni, kifaa kinachopima pembe na umbali bila setilaiti.

La tatu ni ionosfea, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, nalo linatuhusu kuliko linavyowahusu wapimaji wa Ulaya ambao vitabu vyetu vingi vinatoka kwao. Visiwa vyetu vipo kati ya takribani nyuzi 5 na 6 na nusu kusini ya ikweta, katika ukanda ambao tabaka hilo huvurugika zaidi kuliko kwenye latitudo za kati. Baada ya magharibi hadi karibu na usiku wa manane, hasa Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, mawimbi yanaweza kumetameta na kukatika ingawa anga ni safi na hakuna wingu. Hali huwa mbaya zaidi katika miaka ambayo jua lina harakati nyingi, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Hata alasiri, besi iliyo umbali wa kilomita 25 inaweza kushindwa wakati ile ya kilomita 5 inafanya kazi. Dalili yake ni kwamba umri wa marekebisho ni mzuri, setilaiti ni nyingi, mahali ni wazi, na bado fiksi haiji. Sogeza besi karibu au ipange kazi asubuhi.

Fiksi ipo, lakini pointi zote zimehama kwa kiasi kilekile

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu kioo kitaandika fiksi na usahihi wa sentimita 1, na hakuna kengele itakayolia. Fiksi ni ahadi juu ya umbali kati ya gari na besi. Haisemi lolote kuhusu ukweli wa mahali besi yenyewe inapodai kuwepo. Rudi kwenye msumari wako, pima tofauti, na uache ukubwa wa tofauti uzungumze.

Tofauti ya mita 1 hadi 5 kuelekea upande mmoja karibu kila mara inatokana na besi iliyowashwa kwa kubonyeza kitufe cha kuchukua nafasi ya papo hapo, badala ya kuandikiwa koordinati za bikoni. Siku moja niliona timu ikipima kilomita nyingi kati ya Chake Chake na Wete kwa besi ya namna hiyo. Kila pointi ilipangana na mwenzake kwa uzuri wa kupendeza, na barabara nzima ilikuwa imesogea zaidi ya mita 2 kuingia kwenye mashamba ya watu. Data kama hiyo huokolewa kwa kuhamisha pointi zote kwa tofauti moja, ilimradi besi ilikaa mahali pamoja na alama yake ya chini bado ipo. Kwa hiyo piga msumari chini ya besi hata kama unadhani hutorudi.

Tofauti inayozidi mita 200 ni ya mfumo wa koordinati. Ramani na alama nyingi za zamani za Afrika Mashariki ziko katika Arc 1960, ambao umejengwa juu ya elipsoidi (umbo la kihesabu la dunia) ya Clarke ya 1880, wakati setilaiti zinazungumza WGS84, mfumo wa dunia nzima. Kuandika koordinati za Arc 1960 kwenye besi iliyopangwa kwa WGS84 hakusababishi onyo lolote. Kama koordinati yako ya kaskazini inasomeka kwa namba hasi kwenye UTM, mfumo wa kuchora ramani kwa mita na kwa kanda, umechagua kanda 37 ya kaskazini badala ya kanda 37 ya kusini, ambako mita 10,000,000 huongezwa.

Kimo nacho kina dalili yake. Mtu akisimama ufukweni Paje na kifaa kimwambie yuko zaidi ya mita 20 chini ya usawa wa bahari, kifaa si kibovu. Kinampa kimo cha juu ya elipsoidi, na katika pwani zetu geoidi, yaani uso unaowakilisha usawa wa bahari, iko chini ya elipsoidi kwa zaidi ya mita 20. Pakia modeli ya geoidi, kwa mfano EGM2008, kwenye kontrola, kifaa cha mkononi cha kuendeshea kipokezi, kisha hakiki kwa alama ya kimo inayojulikana, kwa kuwa modeli ya dunia nzima haiwezi kuahidi sentimita kwenye kila kisiwa.

Kuna pia lalamiko ambalo kwa hakika si kosa. Mkandarasi anapima kwa utepe na kupata urefu mkubwa kuliko wa ramani. Kwenye UTM, karibu na Mji wa Zanzibar, kilomita moja ya ardhini hupungua kwa takribani sentimita 39 kwenye ramani, na Chake Chake, iliyo mbali zaidi na meridiani ya kati ya kanda, yaani longitudo ya nyuzi 39 mashariki, hupungua kwa takribani sentimita 31. Mpe kipimo cha kugeuzia kabla hajaanza kuchimba.

Fiksi ipo, lakini kosa linabadilika kwa mwelekeo au kasi ya gari

Endesha mstari mmoja ulionyooka kwenda na kurudi, ukifuata alama ileile ya chokaa kwa tairi la upande uleule wa gari. Mistari miwili ikitengana kwa upande, umbali wa antena kutoka kwenye tairi hilo umeandikwa vibaya, na kosa ni nusu ya utengano. Mara nyingi mtu amechanganya kushoto na kulia, au alama ya jumlisha na ya kutoa.

Mistari ikilingana lakini vitu vya kando, kama vile karavati na nguzo, vimesogea mbele ukienda na nyuma ukirudi, kuna sababu mbili zinazofanana sana. Ya kwanza ni umbali wa mbele na nyuma ulioandikwa vibaya. Ya pili ni ucheleweshaji wa muda kati ya kipokezi na kompyuta inayoandika. Zitenganishe kwa kasi. Rudia kwa kilomita 18 kwa saa, kisha 36. Kosa likibaki lilelile, ni umbali. Likiongezeka maradufu, ni muda. Kwa kilomita 36 kwa saa gari inakwenda mita 10 kwa sekunde, hivyo ucheleweshaji wa sehemu moja ya kumi ya sekunde ni mita nzima. Tiba yake ni kutumia muda ulioandikwa na kipokezi chenyewe ndani ya kila ujumbe, wala si saa ya kompyuta.

Picha za kamera zikiwa zimesogea mita 180 kwa kasi hiyohiyo, gawanya na utapata sekunde 18, ambazo ndizo tofauti kati ya saa ya GPS na saa ya dunia tangu Januari 2017. Na kwenye daftari la gari, kubalianeni mapema saa gani inaandikwa. Saa 3 asubuhi kwetu ni 06:00 ya saa ya dunia katika faili, na msaidizi aliyezoea saa za Kiswahili akiisoma 06:00 ataitafuta kwenye kurasa za saa 6 mchana. Kwa kosa hili nimewahi kuunganisha kimo cha antena cha mchana na data ya asubuhi, na ilinichukua siku mbili kuligundua.

Mwinamo ni wa mwisho katika kundi hili. Antena iliyo mita 2.1 juu ya ardhi, gari ikilala upande kwa nyuzi 3, husogea sentimita 11 kutoka juu ya pointi yake. Kwenye barabara ya lami yenye mgongo kosa ni dogo zaidi, lakini kwenye njia za ng'ombe za uwandani huwa kubwa kuliko makosa mengine yote yakijumlishwa. Bila kihisi cha mwinamo, usiahidi sentimita kwenye njia hizo.

Vimo vinashuka polepole kadiri siku inavyokwenda

Kimo cha antena kilipimwa gari ikiwa tupu, kisha wakapanda watu wanne pamoja na maji, mafuta na vifaa. Springi hubonyea, na matairi yaliyopoteza upepo huongeza mengine. Pima kimo watu wakiwa wamekaa, pima tena mchana, na andika namba zote mbili. Angalia pia sumaku za antena, kwani kwenye mawe ya uwandani huteleza kidogo kidogo. Chora mstari wa kalamu kuzunguka kitako cha antena asubuhi ili uone kama imehama, na uifunge kwa kamba ya usalama.

Jioni, kabla ya kuing'oa besi, rudisha gari kwenye msumari wa asubuhi na usome tena. Tofauti ikizidi sentimita 3 za mlalo au 5 za kimo, usizime chochote. Rudi nyuma kwenye pointi mbili au tatu ulizozipima mchana, ujue kosa liliingia baada ya ipi, na ukipime upya kipande hicho besi ikiwa bado imesimama.